Vitumbua vinaisha, video zinadoda

Dada, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, miaka 29, mkazi wa Ngamiani hapa Tanga. Jina langu naomba ulifiche, niite Mama Nasra. Kazi yangu ni vitumbua na mikate ya kumimina, nimeirithi kwa bibi mzaa mama. Barazani namshukuru Mungu. Naanza kukaanga saa kumi na moja alfajiri, ikifika saa mbili chuma kimeshapoa na beseni tupu. Shida yangu si vitumbua, shida ni video.

Miezi miwili na nusu iliyopita wifi yangu aliniambia, "Wifi, unakaa na kipaji barazani, waonyeshe watu mtandaoni upate oda za maana." Yaani oda za maulidi, za harusi, za futari maofisini, mtu achukue vitumbua mia tatu kwa mkupuo badala ya hivi viwili viwili vya watoto wa shule. Nikaona ni neno. Nikafungua akaunti ya TikTok, nikanunua taa ya duara na stendi yake kwa elfu arobaini na tano, nikaanza.

Mpaka leo nimeposti video 61. Karibu kila siku. Zinatazamwa na watu 180, 230, zikizidi sana 300. Nimejaribu kila kitu. Nimeweka nyimbo zinazovuma. Nimeweka maandishi ya Kiingereza kama ninavyoona kwa wenzangu. Nimeweka filta mpaka vitumbua vikawa na rangi ya machungwa ya Muheza. Kijana mmoja akaniambia kinachonikwamisha ni wafuasi, nikamtumia elfu kumi na tano, akaniletea wafuasi elfu moja usiku mmoja. Wafuasi wale, dada, ni masanamu. Hawalaiki, hawakomenti, na nahisi tangu waje ndiyo video zimezidi kulala.

Kinachoniuma zaidi ni binti mmoja wa mtaa wa pili. Vitumbua vyake anachanganya na unga wa ngano, vigumu kama jiwe la kusugulia miguu. Lakini anacheza huku anaonja, na watu wanamiminika. Video yake moja imefika elfu themanini! Mimi kucheza siwezi. Mume wangu hataki, na hata mimi mwenyewe uso wangu sipendi kuuweka sana huko. Yeye baba Nasra anasema tangu nianze mambo haya bando linaisha kama maji kwenye mtungi uliotoboka.

Video yangu moja tu ndiyo iliwahi kupata watu, 4,100. Na hiyo hata sikuitengeneza. Simu ilikuwa imeegemezwa kwenye sufuria, mtoto akabonyeza, ikajirekodi yenyewe. Siku ile sikuwa na kitu kingine, nikaiposti hivyo hivyo, bila muziki, bila maandishi. Bahati tu ilipita.

Nimekutumia hiyo pamoja na nyingine tatu, na picha ya ule ukurasa wa takwimu. Naomba uniambie ukweli. Ni simu? Hii alinipa kaka yangu aliponunua nyingine. Nikope ninunue kubwa? Niongeze wafuasi? Au niache, nitulie na baraza langu?

Mama Nasra, Tanga

JIBU

Marahaba, mdogo wangu.

Nianze na simu, maana jibu lake ni fupi: usikope. Uliyo nayo inatosha na kubaki. Elsa Majimbo wa Kenya alivuma mpaka ng'ambo mwaka 2020, watu wakiwa wamejifungia majumbani, kwa video fupi alizojirekodi kwa simu akila krispi na kujichekea. Wafuasi wa kununua nao tuwazike hapa hapa. Juni 2020 TikTok wenyewe walieleza jinsi wanavyochagua video za kumpelekea mtu. Walisema idadi ya wafuasi si kigezo cha moja kwa moja, na kwamba mtu akiitazama video ndefu kuanzia mwanzo mpaka mwisho, hiyo ni ishara nzito. Sasa hao elfu moja wako hawatazami kitu mpaka mwisho, kwa sababu hawana macho. Elfu kumi na tano ile ilikuwa ya mchele.

Tuje kwenye yenyewe.

Kabla ya safu hii nilikuwa mkataji wa video za harusi Dar es Salaam kwa miaka mingi. Mteja alikuwa analipia saa tatu nzima: wapambe wakivaa, msafara wa magari, wajomba wakipeana mikono, keki, zawadi, sufuria moja moja. Anaitazama yote mara moja, siku ya kuipokea. Baada ya hapo, akija mgeni nyumbani, anashika rimoti na kupeleka mbele mpaka pale bibi harusi anapoingia ukumbini. Nyumba zote nilizokwenda ni pale pale. Hapo ndipo nilipojifunza kazi, si darasani: kila video ina mahali ambapo mtu angekwenda mwenyewe kama angepewa rimoti, na ukishapajua, ndipo pa kuanzia.

Nimeichukua video yako ya kwanza nikaitazama na saa mkononi. Ina sekunde 58. Mpaka sekunde ya 19 uko kwenye "Assalaam aleykum wapenzi watazamaji wangu, karibuni tena kwenye ukurasa wenu pendwa, kabla sijaanza naomba mnifuate, mlaiki, mshee kwa wingi." Kisha unaonyesha bakuli la rojo. Kisha sekunde sita nzima unatafuta kijiko. Sekunde ya 34 mafuta yanaingia kwenye chuma. Sekunde ya 41 unachukua kijiti, unakipitisha ukingoni mwa kitumbua, na kitumbua kinageuka.

Pale nilisimamisha nikarudisha nyuma mara nne. Kinapinduka taratibu kama mtoto anayejigeuza usingizini. Upande uliokuwa chini unakuja juu, mviringo, umekauka, hudhurungi ya kuelekea dhahabu, na pembeni pale rojo ambalo halijaiva linateremka kwenye mafuta na kutoa ule mlio wa tsss ambao kila aliyelelewa Pwani anaujua akiwa bado kitandani. Bibi harusi ameingia ukumbini. Umemweka sekunde ya 41, na picha ya takwimu uliyonitumia inaonyesha mtu wa kawaida anakaa kwenye video zako sekunde 4. Watu 230 walikuja, wakamsikiliza mshereheshaji, wakaondoka. Bibi harusi hawakumwona.

Na wewe ni wa Tanga, somo hili umelisikia tangu mtoto. Muuza kahawa akipita jioni na dele lake hasimami kwenye kona akasema naitwa fulani, naomba kabla sijamimina mniunge mkono. Anagonganisha vikombe. Unamsikia kabla hujamwona, mkono unaanza kutafuta sarafu kabla hujaamua kama unataka kahawa. Jina lake utalijua siku nyingine, ukiwa kwenye kikombe cha pili. Ule mlio wa kitumbua ndio vikombe vyako, na wewe unaugonga mwisho wa mtaa, watu wameshalala.

Salamu sikukatazi. Najua mtu wa Pwani akianza bila salamu anajiona kama katoka nje bila kanga. Isogeze tu. Kitumbua kigeuke kwanza, halafu sauti yako iingie juu ya picha: "Assalaam aleykum, hiki ni mchele na tui tupu, hakina ngano." Ni sekunde nne. Umesalimia, umejieleza, na binti wa mtaa wa pili ameelewa.

Sasa ile ya 4,100 unayoiita bahati. Hiyo nimeitazama kuliko zote, na naomba uisome pamoja nami kwa sababu jibu lako lote limo humo.

Ina sekunde 16. Inaanza mkono wako ukiwa tayari juu ya chuma; hakuna aliyekaribishwa, tumekukuta kazini. Mafuta yanalia. Sekunde ya pili kitumbua kinageuka, na hicho kimezidi moto kidogo, kimekuwa cheusi upande mmoja. Sauti ya mama mtu mzima, nje ya picha, inasema, "Hicho umeunguza." Wewe hata kichwa huinui: "Sijaunguza, hicho cha baba Nasra." Kimya. Kitumbua cha pili kinageuka. Halafu kidole cha mtoto kinafunika kamera, basi.

Mdogo wangu, mimi nililipwa miaka yote ile na sijawahi kukata kitu kizuri namna hiyo. Kwa nini baba Nasra anapewa kilichoungua? Anakipenda hivyo, au kuna kosa amefanya? Hujasema, na asiyeambiwa hawezi kupita hivi hivi. Nimeshuka kwenye komenti, karibu nusu wanauliza hilo hilo. "Baba Nasra kakosa nini?" "Mpe pole baba Nasra." Mmoja yuko Maskati anasema harufu imemfika huko huko, na bibi yake wa Pemba alikuwa akimwekea babu yake kilichoungua vile vile. Na wewe wiki tano hujamjibu hata mmoja! Watu wamepiga hodi, wamesimama mlangoni na swali mkononi, uko ndani unatafuta wimbo unaovuma.

Kuna jambo la pili kwenye ile video ambalo mtoto alilifanya bila kujua. Video hizi zikiisha zinajirudia zenyewe. Yako ilikatika ghafla kitumbua kikiwa kinageuka, na inapoanza tena kitumbua kinageuka, kwa hiyo mtu yuko mzunguko wa pili hajajua kwamba wa kwanza umeisha. Zile nyingine unazimalizia kwa "asanteni sana tukutane tena panapo majaliwa" huku unapunga mkono. Ukiaga, watu wanaondoka, ndivyo tulivyolelewa. Usiage.

Nimeikata upya ile ya sekunde 58 kwa simu yangu, kwa programu ya CapCut ya bure, haikufika robo saa. Nimekutumia uone. Kile kipande cha kugeuka nimekileta mwanzo. Kisha mchele uliolala kwenye maji ukimiminwa kwenye blenda, tui likifuata, punje za hiliki kwenye kinu na sauti ya mchi wenyewe, rojo lililoumuka likiwa na matundu na kijiko kikilivunja, tundu zote saba za chuma zikijazwa moja baada ya moja, halafu kugeuka tena. Jumla sekunde 21. Kila kipande ni sekunde mbili au tatu, isipokuwa kumimina kwenye zile tundu saba, hapo nimekuachia tano kwa sababu mkono wako una mwendo wake na ukikatwa unapotea. Sikuongeza kitu hata kimoja, nimetoa tu. Na paka anayepita nyuma ya jiko nimemtoa pia. Anayeagiza vitumbua mia tatu asimwone.

Muziki niliuzima. Hapa natofautiana na vijana wengi wanaofundisha mambo haya, na sitaki ugomvi nao. Wimbo unaovuma unamfaa mtu ambaye picha yake haina sauti. Yako inayo. Wewe unaweka wimbo juu ya mlio wa mafuta, kisha unashangaa mbona hainogi. Ukitaka wimbo, ushushe mpaka usikike kama redio ya jirani. Na maneno yako usiyaseme ukiwa jikoni, bodaboda zinapita na pangaboi linavuma. Piga picha kimya, kisha ingia chumbani, fungua kabati la nguo, weka uso karibu na khanga zilizoning'inia, sema sentensi zako mbili hapo. Nguo zinameza mwangwi. Utajicheka, lakini sauti itatoka kama ya redioni.

Taa ya duara mpe mtu anayesuka nywele. Kwa vitumbua haifai, na nitakuonyesha kwa nini: simamisha video yako ya pili uangalie mafuta. Katika kila tundu kuna duara jeupe linang'aa, saba, kama macho ya jini. Ni taa yako hiyo inajitazama. Na ile mistari myeusi inayopanda kwenye picha ni ya balbu ya jikoni. Umeme wetu unakwenda na kurudi mara 50 kwa sekunde, balbu nyingine za bei rahisi zinafifia na kuwaka nao upesi kiasi jicho halioni, kamera inaona. Zima vyote. Alfajiri kaanga uuze kama kawaida, usirekodi. Bakiza rojo la chuma kimoja, saa moja na nusu sogeza jiko karibu na mlango, jua lije kwa ubavu au kidogo kutoka nyuma ya chuma. Mwanga ukitoka huko mvuke unaonekana. Ukitoka nyuma ya simu, mvuke haupo. Na mvuke ndio unaomwambia mtu kwamba cha moto hiki.

Kabla ya yote hayo, futa kioo cha kamera. Video ya tatu yote ina ukungu nikadhani ni filta, kumbe ni mafuta na moshi wa mkaa wa siku kadhaa. Kitambaa safi kikavu, kila unapoanza. Hiyo ni bure na itakusaidia kuliko simu ya kukopa. Filta nayo iache. Kitumbua chenye rangi ya chungwa mtu anadhani umetia rangi ya pilau.

Simu iwe imesimama wima kwenye ile stendi (stendi ni nzuri, hiyo hukupoteza), chuma kijae picha, kuta na ndoo zisionekane. Isogeze, lakini si juu ya moto. Simu ikipata joto la mkaa inazimika, na utanilaumu mimi.

Maandishi. Yale ya Kiingereza yafute. Mtu wa kukuagizia vitumbua vya maulidi anasoma Kiswahili, na yule wa Maskati hakuvutwa na Kiingereza, alivutwa na lafudhi yako ulipomjibu yule mama. Wapo wanaotazama simu imezimwa sauti, wako kwenye daladala au mtoto amelala, kwa hiyo andika maneno machache makubwa: "Sijaunguza, hicho cha baba Nasra." Yaweke juu kidogo ya katikati. Ukiyaweka chini yanamezwa na maelezo ya programu yenyewe, ukiyaweka kulia yanakanyagwa na vile vitufe vya moyo na komenti. Video yako ya pili umeandika jina lako pale pale penye vitufe, nimesoma herufi tatu.

Sasa nikuulize. Unataka oda au unataka watu elfu themanini? Maana ni vitu viwili. Nimepitia ukurasa wako wote nikitafuta neno Tanga. Sikuliona. Wasifu wako una mioyo miwili myekundu na "napenda kupika". Hakuna namba, hakuna mtaa, hakuna saa. Bila barua hii ningedhani uko Mbeya. Watu 230 unaowadharau ni ukumbi wa harusi uliojaa, mdogo wangu. Nimepiga picha harusi zisizofika hapo. Kama 20 kati yao ni wa Tanga na mmoja ana maulidi mwezi ujao, umeshapata ulichotumwa na wifi. Lakini atakupataje? Andika kwenye wasifu leo hii: vitumbua na mkate wa kumimina, Ngamiani Tanga, oda siku mbili kabla, na namba ya simu ya biashara. Mtu akiuliza bei kwenye komenti, mwambie bei pale pale mbele za watu. Hii tabia ya "njoo inboksi" inafukuza wateja. Mtu anajua akienda huko anapimwa kwa mavazi yake.

Na wa oda anataka kuona oda. Siku ukipata hata ya vitumbua 50, rekodi unavyovipanga kwenye hotipoti, safu kwa safu, mpaka kifuniko kinafungwa. Sekunde 12 zinatosha. Mwenye shughuli haulizi kama unajua kupika, anauliza kama vitafika vingi, vya moto, kwa wakati.

Usiposti kila siku. Jumamosi moja kaa na chuma chako cha mwisho, rekodi vipande vingi, utoe video mbili au tatu za wiki nzima. Ukimaliza kukata, toa kwa ukali wa picha wa 1080, si 4K. Kwenye simu ya mtazamaji havina tofauti ya maana, kwenye bando la baba Nasra vinayo. Kisha baada ya siku chache rudi kwenye takwimu, lakini si kuhesabu mioyo. Tafuta ule mstari unaoonyesha watu wamebaki mpaka sekunde gani. Ukiona umeporomoka sekunde ya 3, mwanzo haukugonga kikombe. Ukienda vizuri kisha ukaanguka ghafla sekunde ya 11, rudi utazame ulikuwa unafanya nini sekunde ya 11. Mara nyingi utakuta unatafuta kijiko.

Kuhusu kucheza: hapana, na wala si kwa sababu ya mume peke yake. Khaby Lame, kijana mzaliwa wa Senegal aliyekulia Italia, alipoteza kazi ya kiwandani mwaka 2020, na Juni 2022 akawa anafuatwa TikTok kuliko mtu yeyote duniani. Video zilizompandisha hasemi neno: anamwangalia mtu aliyejitaabisha kwa jambo jepesi, analifanya kwa njia nyepesi, kisha ananyoosha viganja. Yeye ana uso wake na viganja. Wewe uso wako uweke nyumbani, mikono unayo. Kwenye video ya pili ina hina iliyoanza kufifia na bangili moja, inamimina bila kumwaga hata tone nje ya tundu. Hiyo ndiyo sura ya akaunti yako, na watu wataizoea kama wanavyozoea sura.

Yule binti lakini usimdharau. Kuna kitu anakijua. Kama ulivyonieleza, tunamkuta ameshatafuna. Hatuombi kwanza tumfuate. Unga wa ngano tumwachie yeye na Mola wake.

Kazi yako ya Jumamosi hii basi ni moja. Fungua komenti moja ya wale wanaouliza habari za baba Nasra. TikTok inakuruhusu kuijibu kwa video, swali lenyewe likakaa juu ya picha. Futa kioo, sogeza jiko mlangoni, anza na kugeuka. Yule mama akipita na kusema chochote usimnyamazishe. Kisha mwombe baba Nasra aje asimame nyuma ya simu, asionekane, aseme mwenyewe kwa mdomo wake kwa nini anakitaka kilichoungua. Sentensi moja inatosha, ndiye anayelia na bando, basi naye alifanyie kazi. Na hicho chake kiache kwenye mafuta kitambo kidogo zaidi ya kawaida, mpaka ukingo uwe mweusi kabisa, ili hata aliyezima sauti aelewe kinachozungumzwa.